Kila Kidole na Chumba Chake

Ukitaka kuijua miguu ya binadamu, nenda kambi ya Mweka, upande wa kusini wa Kilimanjaro, ukae hapo kuanzia saa tisa alasiri. Kambi iko mita 3,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Wanaoingia wametoka kileleni asubuhi ya siku hiyo hiyo, mita 5,895, na wengi hawajalala tangu saa tano ya usiku uliopita. Wameteremka karibu mita 2,800, kwanza kwenye changarawe inayoporomoka, kisha kwenye njia ya mawe yasiyolingana, na kila hatua vidole vyao vimesukumwa mbele ya buti. Hakuna anayevua kiatu kwa haraka. Kamba zinalegezwa tundu kwa tundu, buti linavutwa kwa kisigino, halafu soksi inabanduliwa taratibu kama plasta juu ya kidonda. Hapo ndipo unapowasikia watu wakivuta pumzi kwa meno.

Nimekaa kwenye kambi hiyo mara nyingi, kwanza nikiwa mgumu, maana ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlima huu, baadaye nikiwa muongozaji. Malengelenge niliyoyaona ni mengi kuliko vilele nilivyopanda. Na siku hizi, kila msafara unaokuja una angalau mtu mmoja aliyevaa soksi za vidole, zile zenye chumba kwa kila kidole kama glavu, na angalau mmoja anayeniuliza kama zinafanya kazi kweli.

Safari moja niliamua kujipima mwenyewe. Nilipofika kambi ya Barafu kutoka kileleni nilikaa kwenye jiwe nikabadilisha soksi: mguu wa kulia soksi ya kawaida ya sufu, mguu wa kushoto soksi ya vidole yenye unene ule ule. Nikateremka mpaka Mweka bila kuzigusa. Jioni nikavua. Mguu wa kulia ulikuwa na lengelenge pale pale linapotokea siku zote, kati ya kidole cha nne na kidole cha mwisho, kama punje ya hindi bichi. Mguu wa kushoto, mahali hapo, ngozi ilikuwa kavu na nzima. Nilifurahi kwa muda wa kugeuza mguu tu. Kwenye kisigino cha mguu huo huo wa kushoto palikuwa na lengelenge la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, na cha kulia kilikuwa kimekuwa chekundu vilevile.

Miguu miwili ya mtu mmoja haitoshi kumshawishi mtu mwingine, na sikuandika sura hii kwa sababu ya mteremko mmoja. Lakini picha ile ya kidole kilichopona na kisigino kilichoumia kwenye mguu mmoja ilinifanya niache kuuliza kama soksi za vidole ni nzuri au mbaya. Nikaanza kuuliza lengelenge limetokea wapi.

Kwanza tuelewane linavyozaliwa, kwa sababu wengi tumefundishwa vibaya. Tunasema kiatu kimenisugua, na tunadhani ngozi imesuguliwa kutoka nje mpaka ikachoka. Kusuguliwa kutoka nje kunaleta mchubuko, yaani ngozi ya juu inakwanguka. Lengelenge huanzia ndani. Fanya hivi sasa hivi ukiwa umekaa: weka ncha ya kidole cha shahada juu ya mgongo wa kiganja cha pili. Bonyeza, usikiache kidole kiteleze, kisha kisogeze mbele na nyuma. Ngozi inakwenda pamoja na kidole, mfupa umetulia pale pale. Hakuna kilichosuguana hapo juu, lakini katikati ya ngozi na mfupa kila kitu kimevutwa.

Ndani ya kiatu ni kinyume chake. Mfupa ndio unaokwenda mbele na nyuma kwa kila hatua, na ngozi imebaki nyuma kwa kuwa imeshikwa na soksi, na soksi imeshikwa na kiatu. Ngozi ina tabaka, kama chapati ya kukunja. Ukiivuta chapati juu upande huu na chini upande ule, haichaniki usoni, inaachana katikati. Ngozi nayo hufanya hivyo: tabaka la kati la ngozi ya juu linaachana, na majimaji ya mwili yanaingia kujaza nafasi. P. F. D. Naylor aliyapima haya Uingereza katikati ya miaka ya 1950, na Marion Sulzberger na wenzake wakaendelea Marekani katika miaka ya 1960, kwa mashine zilizosugua ngozi ya watu waliojitolea mpaka lengelenge likatokea. Waligundua pia kwamba majimaji huchukua kama saa mbili kujaa. Kwa hiyo lengelenge unaloliona Mweka saa kumi jioni limechanika ndani saa nane mchana au kabla ya hapo, pengine wakati ule ule uliposema moyoni kwamba ni joto tu la kiatu na litapita.

Jasho nalo lina tabia yake. Ngozi kavu kabisa huteleza. Ngozi iliyoloa chepechepe nayo huteleza, ingawa imekuwa laini mno na inachunika kwa urahisi. Mbaya kuliko zote ni ile yenye unyevu wa katikati, kama mkono uliotoka kufutwa nusunusu, kwa sababu hunata. Mguu wa mtu anayetembea au kukimbia hukaa kwenye unyevu huo huo kwa saa nyingi.

Sasa fikiria nafasi iliyo kati ya vidole. Hapo hakuna soksi. Soksi ya kawaida inavifunika vidole vyote kwa pamoja kama watoto watano chini ya shuka moja, na ndani ya shuka hiyo ngozi inalala juu ya ngozi. Jasho halina pa kwenda. Kila ngozi inanata kwenye ngozi ya jirani, na mifupa ya vidole haiendi pamoja: kidole cha nne kinanyooka wakati kidole cha mwisho kinajikunja. Watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, wana kidole cha mwisho kilichojiingiza chini ya jirani yake. Kwenye mteremko kidole hicho hubanwa kati ya jirani yake na soli mpaka ngozi ya chini yake inajikunja mkunjo mkali kama pindo la nguo. Lengelenge la hapo huwa refu na jembamba, na mara nyingi mwenyewe halioni mpaka akivute kidole kando.

Hapa ndipo soksi za vidole zinapofanya kazi yake kweli, na nasema hivyo bila kusita. Zinaondoa ngozi juu ya ngozi. Kati ya kidole na kidole sasa kuna tabaka mbili za kitambaa, na kitambaa juu ya kitambaa huteleza kwa urahisi kuliko ngozi mbili zenye jasho. Mvutano unaisha kwenye kitambaa badala ya kuingia ndani ya ngozi. Tena kitambaa kinanyonya jasho kwenye pembe ambayo hewa haifiki, na mwenye kusumbuliwa na fangasi za vidoleni atakwambia hilo peke yake linatosha kumfanya azinunue.

Wazo la kutenganisha vidole ndani ya soksi si la jana. Kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna jozi ya soksi nyekundu za sufu zilizochimbuliwa makaburini Oxyrhynchus, Misri, zilizotengenezwa kati ya mwaka 250 na 420. Zimegawanywa mbele sehemu mbili, kidole gumba upande wake na vinne upande wao, ili zivaliwe na ndala. Wajapani wana tabi, zilizogawanywa vivyo hivyo kwa ajili ya viatu vyao vya kamba. Aliyewahi kuvaa kandambili na soksi asubuhi ya baridi kule Lushoto anajua kwa nini mtu alifikiria jambo hilo. Za vyumba vitano, ambazo wakimbiaji wa mbio ndefu wamezizoea, zilienezwa zaidi na Injinji, kampuni ya San Diego, Marekani.

Lakini narudi kwenye kisigino changu. Soksi ya vidole, kuanzia kwenye shina la vidole kurudi nyuma, ni soksi kama soksi nyingine. Kisigino hakijui kwamba huko mbele kuna vyumba vitano. Unyayo haujui. Kama malengelenge yako yanatoka kisiginoni, chini ya kidole gumba kwenye nundu ya wayo, au ubavuni mwa mguu, umetumia pesa kutibu mahali pasipouma. Na wengi wa wanaonionyesha miguu yao pale kambini wameumia visiginoni.

Kwa sehemu hizo, utafiti uliofanywa kwa watu wengi unaelekeza kwenye mambo mengine. Mwaka 1990 madaktari wawili wa miguu wa Marekani, Herring na Richie, waliwapa wakimbiaji 35 wa mbio ndefu soksi za pamba na soksi za akriliki zilizofumwa kwa namna moja, bila wakimbiaji kujua zipi ni zipi. Za akriliki zilileta malengelenge machache na madogo zaidi. Watu wengi huishia hapo na kutangaza kwamba pamba ni adui. Lakini wawili hao walirudia mwaka 1993 kwa soksi za kawaida zisizo na mto mnene, na tofauti ile haikuonekana tena. Uzi peke yake hautoshi, ufumaji nao una neno. Napenda wanasayansi wanaorudia kazi yao wenyewe na kuipunguza nguvu. Wangeweza kunyamaza.

Mwaka 1996 Joseph Knapik na wenzake walichapisha matokeo ya makuruta 357 wa kikosi cha Marine cha Marekani waliofuatiliwa katika mafunzo ya wiki 12. Kundi moja lilivaa soksi ya jeshi peke yake. La pili liliongezewa soksi nyembamba ya poliesta ndani yake. La tatu lilivaa hiyo nyembamba na juu yake soksi nene mpya ya sufu na nyuzi za plastiki. Waliofika kwa tabibu kwa sababu ya malengelenge walikuwa 24 kwa kila mia katika kundi la kwanza, 9 katika la pili na 11 katika la tatu. Siri ni ile ile ya chapati: soksi mbili zinateleza zenyewe kwa zenyewe, ngozi inaachwa ipumzike.

Halafu kuna plasta ya karatasi, ile nyeupe nyembamba inayouzwa duka lolote la dawa kwa ajili ya kushikilia bandeji. Grant Lipman, daktari wa Marekani, na wenzake waliwabandika wakimbiaji 128 katika mbio za kilomita 250 za siku kadhaa, kwenye majangwa na nchi zenye joto kama Jordan na Madagascar. Sehemu moja ya mguu ilibandikwa, nyingine ikaachwa wazi kwenye mguu ule ule. Matokeo yao ya mwaka 2016 yalionyesha malengelenge yamepungua kwa asilimia 40 penye plasta. Ukiniuliza cha kwanza kununua kwa pesa kidogo, ni hicho. Ibandike ngozi ikiwa kavu, kabla hujaanza safari, mahali unapojua huwa panakuumiza. Laini kingo kwa kidole ili zisijikunje.

Soksi za vidole zina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye pakiti, nayo ni nafasi. Hesabu nami: mguu una mianya minne kati ya vidole, na kila mwanya unaingia tabaka mbili za kitambaa. Hizo ni tabaka nane. Kitambaa kikiwa na unene wa nusu milimita tu, umeongeza milimita nne kwenye upana wa mguu, mahali ambapo kiatu huanza kuwa chembamba kuelekea ncha. Miguu nayo huvimba kwa mwendo wa siku nzima. Katika buti lenye nafasi, vidole vitapanuka na kukaa vizuri. Katika buti la kubana, soksi hiyo hiyo itavikandamiza kando mpaka kidole cha mwisho kisuguliwe na ukuta wa kiatu, nawe utasema soksi za vidole zimekuletea malengelenge. Utakuwa umesema kweli.

Baridi nayo ihesabiwe. Glavu yenye vidole haipashi moto kama ile inayovikusanya vidole vyote pamoja, na soksi ni hivyo hivyo. Usiku wa kilele, nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi, vidole vilivyotengwa vinapoteza joto lao kila kimoja peke yake. Ninaowaongoza huwaambia hivi: vaa ya vidole iliyo nyembamba ndani, juu yake soksi nene ya sufu. Unapata chumba cha kila kidole, unapata tabaka mbili za kuteleza, na unapata joto, mradi buti limenunuliwa likiwa na nafasi hiyo. Na uzivae ukiwa hemani, kucha umezikata, kabla vidole vya mikono havijafa ganzi. Kuingiza kidole kidogo chenye unyevu kwenye chumba chake saa sita usiku kule Barafu, taa iko kichwani na wenzako wanakusubiri nje, ni kazi inayotaka subira.

Kabla ya yote hayo, kiatu. Septemba 2015 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin, na mapema kabisa katika mbio soli za ndani za viatu vyake vyote viwili zikaanza kuchomoka. Picha zinaonyesha zikipepea nje ya visigino vyake kama masikio. Hakusimama. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4 kamili, akamaliza mguu ukiwa na malengelenge na damu. Miguu ile imekimbia maelfu ya kilomita kwenye vumbi jekundu la nyanda za juu za Kenya, ina sugu, inajua kazi. Bado, kitu kimoja kilipolegea chini yake, ngozi ilichanika. Hakuna soksi ambayo ingemsaidia siku ile.

Namkumbuka kijana mmoja mgumu katika msafara wangu. Alikuwa amebeba mzigo wake halali, kilo 20, na buti la kuazima lililomzidi saizi mbili. Jioni ya siku ya pili nilimwona amekaa nyuma ya hema la jikoni akijaza gazeti kwenye ncha ya buti. Nikachuchumaa karibu yake, nikamwomba mguu. Visigino vyote viwili vilikuwa vimepasuka, ngozi ya juu ameibandua mwenyewe kwa kucha.

“Mbona hukusema, mdogo wangu?”

“Kaka, ningesema ungenirudisha.” Halafu akaonyesha kwa kidevu miguu ya mgeni mmoja aliyekuwa anaota jua mbele ya hema. “Zile soksi za glavu zinauzwa wapi? Nikizipata zile nitapona.”

Nilimwosha kwa maji yaliyochemshwa na sabuni, nikamfunika kwa bandeji safi, nikamwambia asibandue tena ngozi ya juu ya lengelenge, kwa sababu hiyo ndiyo bandeji bora kuliko zote. Likiwa kubwa na linauma, litobolewe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yatoke, ngozi ibaki. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa, aende kwa tabibu. Kisha nikamwonyesha kufunga kamba. Kisigino kinagongwa chini mpaka kikae nyuma kabisa ya buti, kamba inakazwa penye kifundo cha mguu na kufungwa fundo hapo hapo, ndipo inapanda juu. Kisigino kikishikwa, hakipandi na kushuka. Gazeti tulilitoa, tukaweka soksi ya pili. Alishuka akichechemea kidogo, na mzigo wake tukagawana.

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja soko la Memorial, Moshi, kwenye mitumba. Tulizunguka tangu asubuhi. Kila buti alilolipenda nilimwambia alivae akiwa na soksi zake za mlimani, asukume mguu mbele mpaka vidole viguse, kisha mimi naingiza kidole changu cha shahada nyuma ya kisigino. Kidole kimoja kiingie, viwili visiingie. La nne lilikubali. Akalifunga kamba kama nilivyomfundisha, akapanda na kushuka kwenye kizingiti cha duka la jirani mara kumi, mama mwenye duka akimwangalia kwa mshangao.

“Limeshika, kaka,” akasema. Alipotoa pesa alikuwa bado anaangalia meza ya soksi iliyokuwa pembeni.